Reli ya karanga iliyong'olewa

SWALI: Shikamoo Babu. Nyuma ya shamba letu huku Nachingwea kuna tuta refu lililonyooka, limeota vichaka, na pembeni yake kipande cha jukwaa la saruji. Mzee wetu anasema palikuwa stesheni na alipanda treni hapo enzi za ujana wake. Mbona kwenye ramani reli haifiki kabisa kusini?
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mzee wako anasema kweli, tena usimbishie. Mwaka 1947 Waingereza, waliokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, walianzisha mashamba ya karanga Kongwa, Urambo na huko kwenu. Kipande cha kwanza cha reli kilitoka Mkwaya, karibu na Lindi, kikafika Nachingwea mwaka 1949. Kisha ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli yake ikaja kukutana na hiyo ya kwanza pale Ruo mwaka 1954. Tawi la Masasi likafuata.

Sasa angalia miaka hiyo vizuri. Mradi wenyewe ulikwisha kuvunjwa mwaka 1951, baada ya kumeza karibu pauni milioni 36! Bandari na reli vimekamilika, karanga za kusafirisha hakuna. Na kwa kuwa njia hiyo haikuungana na Reli ya Kati, ilibaki peke yake, ikila hasara. Mwaka 1962 ikafungwa, reli zikang'olewa.

Mimi hadi leo nasema kuing'oa lilikuwa kosa. Watu wa kusini waliachiwa barabara ya tope. Masika yakiingia, kwenda Dar es Salaam ilikuwa mateso, na daraja la Rufiji mmelipata mwaka 2003.

Kama unataka kuhakikisha, lifuate hilo tuta kwa miguu. Njia ya treni haipandi ghafla: penye bonde utaona udongo umejazwa, penye kilima umekatwa, na kona zake ni pana mno kwa barabara ya gari. Kwenye vijito tafuta makalavati ya zege.

Halafu kaa na mzee, umuulize walikuwa wakipakia nini na stesheni iliyofuata iliitwaje. Andika majina yote, unitumie, nitayachapisha hapa.