Usimwite huyo dokta wa elfu 15 kabla hujajua chanjo anaibeba kwenye nini

Mkuu subiri kwanza. Umeuliza kliniki gani nzuri kwa kambwa kako ka Maltese ka miezi miwili, upo Tabata, bei zikoje, wapi wananyoa manyoya, halafu mwisho kabisa ndo unatupia kwamba muuza duka la dawa za mifugo kakuunganisha na dokta anakuja nyumbani Jumamosi kuchanja kwa elfu 15. Hapo ndo chai imenipalia. Mengine weka pembeni.

Huyo jamaa namjua, sio yeye mwenyewe ila ndugu yake wa kazi. Dokta wangu, naye nilipewa na muuza duka la dawa za mifugo, alikuja na bodaboda saa nane mchana, jua la Kimara unalijua, begi la laptopu mgongoni, akafungua zipu ya pembeni akatoa sirinji IMESHAJAZWA, kifuniko juu, imelala na chaja ya simu. Namuuliza chupa iko wapi, eti "nimechanganya kabisa dukani bosi, nisikucheleweshe". Nikaona aisee huyu anajali muda wangu. Akamdunga mtoto wangu wa mbwa, akaandika kwa peni kwenye kadi "chanjo zote", akaniambia hiyo moja inatosha mwaka mzima. Mwaka mzima!

Sasa sikia. Chanjo ya parvo na distempa, yale magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, ni kaunga ndani ya chupa, inatunzwa kwenye nyuzi 2 mpaka 8, inachanganywa na maji yake pale pale mbwa alipo na inadungwa muda huo huo. Ukizunguka nayo mjini na joto hili inakufa, unadungiwa maji ya bei. Na hata ingekuwa nzima moja haimtoshi mtoto, kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama inaizima, ndo maana wanarudia kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe kama wiki 16. Haya yote nimefundishwa mbwa akiwa kwenye dripu.

Maana alianza kutapika povu usiku, asubuhi anaharisha damu, ile harufu mkuu usiombe. Dokta wa kweli kachukua pamba kagusa nyuma kidogo, kipimo kile kile kama cha mimba, mistari miwili, hongera baba una parvo. Akageuza kadi yangu, "stika iko wapi?" Stika gani tena, mi najua stika za bajaji. Kumbe chupa ya chanjo ina kastika kenye jina na namba ya bechi, kanabanduliwa kanabandikwa kwenye kadi. Laki tatu na ushee ikaondoka kwa dripu na dawa za kuzuia kutapika, na mbwa naye akaondoka. Nilimwita Simba, kilo mbili na nusu, jirani yangu Yanga damu ndo alikuja na jembe na siku hiyo hakunitania hata neno.

Na yule wa dukani aliyeniunganisha, nilivyomrudia ananiambia labda mbwa wako alikuwa dhaifu. Dhaifu ni wewe na kamisheni yako! Asubuhi unauza dawa ya kuku, jioni unagawa madaktari.

Kwa hiyo mi saivi nachagua friji kwanza, dokta baadae. Uione chanjo inatoka kwenye friji, au kama anakuja nyumbani itoke kwenye kiboksi chenye barafu, asome tarehe mbele yako, achanganye mbele yako, abandike stika, asaini. Anayefanya hivo mara nyingi hata usajili wake wa Baraza la Veterinari hakufichi, ukimuuliza anakuonyesha bila kununa. Na usije ukasema utasubiri kampeni ya kata, ile ni ya kichaa cha mbwa, lazima achanjwe pia akifika miezi mitatu, ila parvo haiigusi kabisa.

Mpigie huyo wa Jumamosi muulize chanjo anaibeba kwenye nini. Akikwambia "usijali bosi" kata simu. Na mpaka amalize chanjo zake usimshushe chini njiani wanapopita mbwa wengine, mbebe tu, kwani ana kilo ngapi hako.