Duka moja, majina mawili

Ndugu, umeuliza kama ni kosa kuandikisha duka lako la komine ya Kenya, hapa Lubumbashi, kwa majina mawili, lako na la shemeji yako, ili kila upande ubaki chini ya mauzo yanayolazimu kutoza TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%. Kutafuta kodi ndogo si kosa. Mahakama ya juu ya Uingereza ilikubali hivyo mwaka 1935, ingawa mwaka 1981 iliamua kwamba hatua zisizo na lengo la biashara zinaweza kutazamwa kwa pamoja kama jambo moja. Nasi huku, kama ghala ni moja na fedha zote zinaingia mfukoni mwako, mkaguzi wa DGI (idara ya kodi) ana sababu ya kuona duka moja, na jina la shemeji (ambaye huenda hajui lolote) litafanana zaidi na udanganyifu.