Hesabu yako iwe witiri

Juzi usiku umeme umekatika, nimekaa barazani hapa Shangani, Mtwara, napigwa na upepo wa bahari, ikaingia meseji ya binti mmoja wa Newala. "Shikamoo dada. Nimefuma skafu siku tisa, sasa inajikunja kama jani la mgomba lililokauka. Nifanyeje?" Nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni, maana skafu hiyo naijua vizuri. Mimi nilifuma sita.

Najua mnaonisoma hapa ni watu wa namna yangu: mnataka kazi ya mikono yenu iwaingizie hela, siyo kila mwaka kungoja korosho ya mume iuzwe. Kwa hiyo kushika sindano na kuanzisha mishono sielezi. Kaa na mama yeyote anayefuma masweta, jioni mbili utakuwa umejua.

Nilipoanza, wifi yangu aliniuliza mbele ya watu, tunamenya ming'oko jikoni, "Skafu Mtwara? Unamfumia nani, pweza?" Jiko zima likacheka. Sikumjibu. Mimi nilikuwa nawaza Songea, Njombe na Makete, kule ambako mwezi wa sita na wa saba watu wanapuliza viganja. Hata Newala yetu, juu pale, asubuhi za kipupwe ukungu unakuingia mpaka kwenye kanga. Na basi la Songea linaondoka hapahapa, linapita Masasi na Tunduru. Mzigo unafika.

Mwenye duka mmoja wa huko kwenye baridi akaagiza sita. Nikazifuma kwa ule mtindo wa fulana: mstari wa kwenda uzi uko nyuma ya sindano, mstari wa kurudi uzi uko mbele. Upande mmoja ukatoka laini, mzuri wa kupiga picha. Nilipozitoa kwenye sindano, kingo zikaanza kuviringika, moja huku, nyingine kule, mpaka skafu ikawa bomba.

Nikachukua pasi ya mkaa. Jamani, msinifuate hapo. Uzi tunaouita sufi huku sokoni mara nyingi ni akriliki, ndugu yake plastiki. Pasi ilinyoosha kweli, na uhai wa uzi ukaenda nao: ukalegea, ukang'aa kama mfuko wa rambo. Hauponi tena huo. Nikazikunja, nikazituma hivyohivyo kwa aibu yangu.

Zikarudi zote sita. Yule baba akaniachia ujumbe wa sauti, na nyuma yake unasikia wateja wanacheka: "Dada, hizi ni skafu au soksi za tembo?" Ninao mpaka leo kwenye simu. Nauli ya mzigo, kwenda na kurudi, nililipa mimi.

Sasa binti yangu wa Newala, sikiliza. Kujikunja siyo kosa la mikono yako. Ukifuma hivyo, mishono laini yote inakaa upande mmoja na vinundu vyote upande wa pili. Pande hizo hazivutani sawa, na kingo ndizo zinazoonyesha ugomvi wao. Dawa ni kuchanganya: mshono mmoja uzi nyuma, unaofuata uzi mbele, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Kitambaa kinatoka punjepunje kama mtama uliomwagwa mkekani, mbele na nyuma sawa, na kingo zinalala zenyewe.

Nilielekezwa hayo, nikaanza na mishono 34, kila mstari nikiufungua kwa uzi nyuma. Punje hazikuja. Ikaja mifereji, kama bati la nyumba. Nikafumua. Nikaanza upya, mifereji. Mara nne! Sindano za chuma nazo, kwa joto la Machi na jasho la viganja, uzi unang'ang'ania tu. (Siku hizi natumia za mpingo. Nilichongewa na fundi wa vinyago, tukazisugua kwa msasa mpaka zikateleza.)

Jibu lilinijia Ramadhani, tumemaliza tarawehe, tunasali witiri, ile sala ya rakaa zisizogawanyika kwa mbili. Mungu anisamehe, akili ilikuwa kwenye sindano. Witiri! Hesabu yangu ni shufwa, ndiyo maana punje inaangukia juu ya punje mwenzake na mshono laini juu ya laini. Nilipofika nyumbani sikula hata tambi, nikaanzisha mishono 35.

Basi ushauri wangu ndio huo: iwe witiri. Mimi naweka 35 kwa sindano za milimita 5, napata upana wa sentimita 20 hivi, nafuma mpaka urefu wa mita 1.8. Uzi nanunua gramu 250 ili nisikwame mwishoni nikakosa rangi ileile. Kila mstari unaanza na uzi nyuma, unaisha na uzi nyuma. Ukipotea, usihesabu, tazama: mshono unaokutazama una kinundu, peleka uzi nyuma; uko laini, lete uzi mbele. Na uzi uupitishe katikati ya sindano mbili. Ukiuacha uruke juu ya sindano, unazaa mshono wa 36 bila kujua, umerudi kwenye shufwa. Hesabu. Kila baada ya mistari kumi, hesabu tena.

Na msikubali kuchekwa mkaacha. Mtu anayekucheka hajui hata sindano inaingilia wapi. Ningeacha siku ile ya pweza, leo ningekuwa bado naomba hela ya chumvi. Yule baba wa soksi za tembo alinipigia mwaka huu mwezi wa tano, sauti ya upole, anataka kumi na mbili. Za kwanza nilimtajia 12,000 kwa moja. Safari hii nimemtajia 25,000, nusu atangulize. Ametanguliza.

Wifi naye ana harusi Makete mwezi wa saba. Jana kaja na maandazi, kakaa, kazungukazunguka, mwisho kasema anapenda rangi ya ugoro. Nimemwambia bei ni ileile ya wengine.