Mtoto kiziwi mwenye usonji: kaa ubavuni pake

Mpwa wangu ni kiziwi na ana usonji (autism). Nyumbani sote tunatumia lugha ya alama, na wazazi wenye mtoto kama yeye huniuliza waanzie wapi. Nawaambia: kaeni ubavuni pake, msikae mkitazamana naye.

Mtoto asiye na usonji akipungiwa mkono wa kwaheri, hujiweka katika nafasi ya anayempungia, akageuzia kiganja chake nje. Mpwa wangu alipunga kiganja kikimwelekea mwenyewe, kwa kuwa ndivyo alivyokiona: kiganja cha mwenzake kilimwelekea yeye. Mwaka 2012 watafiti Aaron Shield na Richard Meier walieleza jambo hilohilo kwa watoto wenye usonji waliokuzwa kwa lugha ya alama. Mkikaa bega kwa bega, anaiona mikono yako kama anavyoiona yake. Kwetu alama nyingi zilinyooka kwa njia hiyo. Akikosea, mjibu kwanza alichosema, kisha rudia alama ile kwa usahihi, taratibu. Usimshike mkono kama hapendi kuguswa.

Uso nao una kazi. Katika Lugha ya Alama ya Marekani, kwa mfano, nyusi zikiinuliwa ni swali la ndiyo au hapana. Zikikunjwa, ni la nani au kwa nini. Hiyo ni sarufi kabisa, na mtoto anayechoshwa na kutazama nyuso inampita. Mimi huuliza kwa alama ya mkono iliyo wazi, halafu nasubiri. Nasubiri sana.

Akikushauri mtu uache alama eti zitamlemea, usikubali. Miaka ya 1980 mtafiti wa lugha ya alama Ursula Bellugi na wenzake waliwachunguza viziwi waliopata kiharusi. Walioumia upande wa kushoto wa ubongo ndio walioharibikiwa lugha ya alama, upande uleule ambao wengi wetu tunautegemea kwa maneno ya mdomo. Walioumia kulia walichora picha vibaya, ila alama zao zilibaki nzima. Kwa ubongo, basi, alama ni lugha kamili, na mtoto anaihitaji mapema, usonji uwepo usiwepo.

Siku ya kumpima usonji, dai mpimaji anayeijua lugha ya alama yeye mwenyewe. Mkalimani mzuri, bila kukusudia, hunyoosha kauli: mtoto akijitaja kwa jina lake la alama badala ya kujinyooshea kidole, mpimaji ataambiwa tu "mimi", na dalili muhimu imeshapotea.