Jibu: swali la lugha pekee halitoshi

Dada, umeuliza kama "nyumbani mnazungumza lugha gani?" latosha kupima Wabohora wa Mombasa (Waislamu wa Kishia wenye asili ya Gujarati, India) wamezoea utamaduni wa hapa kiasi gani, kwa utafiti wako wa kisukari. Halitoshi kabisa. Kipimo kifupi cha 1987 cha kuzoea utamaduni, cha Walatino wa Marekani, kina maswali 12, mengi ya lugha; lakini huku Mji wa Kale karibu kila mtu anaongea Kiswahili. Jirani yangu Mbohora, Kimvita chake (Kiswahili cha Mombasa) kinanishinda mimi, na bado kwao hula sinia moja, wakianza kwa kuonja chumvi. Uliza hapo: nani anapika, mafuta kiasi gani, sinia lina watu wangapi. Tena pima kila utamaduni kivyake, wa Kibohora na wa hapa, maana mtu huweza kushika zote mbili. Na kipato usikiache, tafadhali.