Mume wangu hajapona: je, tatizo ni imani yangu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mume wangu alipigwa na kiharusi mwaka jana, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Tuna watoto watatu, nauza vitumbua. Kwenye huduma ninayosali sasa tunafundishwa kwamba mateso si fungu la mtoto wa Mungu, na anayemeza dawa anaukiri ugonjwa. Niliuza cherehani nikapanda mbegu, yaani nikatoa sadaka ili apone. Dawa za presha ameziacha, huu mwezi wa pili. Hajapona, na wanasema kizuizi ni mimi. Shangazi yangu naye ananiambia ni msalaba wangu, niupokee ninyamaze. Nimsikilize nani?

JIBU: Asifiwe sana, mama. Kesho asubuhi mpeleke mzee kliniki. Mwambie daktari ukweli wote, kwamba dawa zilikatishwa na kwa muda gani, naye ataelekeza namna ya kuzirudia. Presha isiyotibiwa inaweza kuleta kiharusi cha pili. Haya mengine yatakungoja.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye maneno "kizuizi ni mimi". Wanafunzi walimwuliza Yesu swali hilohilo mbele ya kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Waliokubebesha lawama wamerudi kwenye swali ambalo Bwana alikwisha kulifunga. Rafiki zake Ayubu walifanya hivyo kwa sura nyingi sana, na mwishoni ni wao waliokemewa.

Najua andiko wanalolishika: "kwa kupigwa kwake mliponywa". Basi fungua 1 Petro 2 uanzie mstari wa 18, usianzie wa 24. Petro anasema na watumishi wa nyumbani waliokuwa wakipigwa na mabwana wakali bila kosa. Anawaambia Kristo aliteswa akawaachia kielelezo, wafuate nyayo zake. Andiko lililoandikwa kwa watu wenye alama za fimbo mgongoni linawezaje kugeuzwa kuwa hati ya kutoteseka? Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo, ambaye tumbo lilimsumbua mara kwa mara, aliambiwa atumie mvinyo kidogo, hakuambiwa akane ugonjwa wake. Hata ile ahadi ya mara mia wanayoipenda, Marko 10:30, ina maneno wanayoyaruka: "pamoja na udhia".

Nasema kwa ukali kwa sababu mafundisho haya yameshazika watu. Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyafikia mafuta ya upako. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wenye shida kama yako, walioambiwa kwamba shida ina mlango mmoja wa kutokea na wauwahi. Sisi wachungaji tuliokaa kimya tuna la kujibu.

Shangazi yako yuko karibu zaidi na Injili, ila amekosea kwenye "unyamaze". Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke, ndipo akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Kuomba kwake hakukuwa uasi. Na kupokea mateso si kuyatafuta: huko Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao watu waliofundishwa kwamba kufa kwa njaa ni njia ya kumfikia Yesu. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa, alisema huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1518 kwamba mwanatheolojia wa msalaba, yaani anayemjua Mungu kupitia mateso ya Kristo, hukiita kitu kwa jina lake. Kiharusi ni kiharusi. Ni kibaya, na una ruhusa ya kulia.

Ila Warumi 5 inasema dhiki huleta saburi, na neno la Kiyunani lililotafsiriwa "saburi" lina picha ya kubaki chini ya mzigo, kama mchukuzi asiyeutua njiani. Unapoamka usiku kumgeuza mumeo ubavu, kisha alfajiri ukawasha moto wa vitumbua, na bado ukamwita Mungu Baba, imani yako imefika mahali ambapo wakati wa heri haikuwahi kufika. Wewe huioni. Mimi naiona kwenye barua.

Sasa fedha. Yesu aliwakemea waliosema "Korbani", wakampa Mungu kile walichopaswa kuwatunzia wazazi wao (Marko 7). Ada na dawa ni deni lako la kwanza, kwa hiyo usitoe tena mbegu yoyote. Iombe ile ya cherehani irudishwe, uende na shangazi, bila ugomvi. Wakikataa, usijilaumu.

Kliniki uliza kuhusu mazoezi ya viungo, ujifunze kumfanyisha nyumbani. Halafu tafuta kanisa lenye jumuiya mtaani kwako, uwaambie wazi unachohitaji: mtu wa kukaa na mgonjwa Jumamosi ulale, kijana wa kumwinua wakati wa kuoga. "Mchukuliane mizigo" iliandikwa kwa ajili ya siku kama hizi, na anayeficha mzigo wake anawanyima wenzake nafasi ya kutii.

Ukitoka kliniki niandikie presha yake imesoma ngapi.