Maswali ya Wasomaji: Mbona Hakulia?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi na dada yangu tumekosana kidogo kwa sababu ya tamthilia. Katika sehemu tuliyotazama wiki iliyopita, mke wa mvuvi alikuwa ameketi uani akipara samaki, akaja shemeji yake kumwarifu kwamba mashua ya mumewe imepinduka na mwili umeonekana. Mama yule hakulia wala hakuanguka. Aliuliza kama mashua nyingine zimerudi, akamaliza kumpara samaki aliyekuwa mkononi, kisha akaanza kumpara upya samaki yuleyule. Dada anasema mwigizaji huyo hajui kazi, maana hakuna mke anayepokea habari ya namna hiyo akiwa na macho makavu. Mimi usiku ule sikulala vizuri. Nani kati yetu amekosea? (Msomaji wa Mikindani, Mtwara)

JIBU: Dada yako anaujua msiba, ila ameuwahisha. Kilio cha sauti, kujitupa chini na kushikwa na wenzako ni mambo ya kweli, na sisi wa kusini tunayajua vizuri: huja watu wakishaanza kuingia, jamvi likishatandikwa, wakati kila mwanamke anayefika mlangoni huanzisha kilio na waliomtangulia wakampokea. Hicho ni kilio cha watu wengi, kina utaratibu wake, na mfiwa humo huazima sauti za wenzake. Tamthilia yenu ilionyesha dakika zilizotangulia hapo, ambapo mtu ameshasikia maneno lakini maneno hayajamwingia, na mikono inaendelea na kazi iliyokuwa ikiifanya kwa sababu hakuna aliyeiambia iache. Kiswahili kinaiita hali hiyo bumbuwazi, na bumbuwazi halina machozi.

Nilipokuwa mdogo, Lindi, nilimwona shangazi yangu akiletewa habari ya kifo cha kaka yake huku akichambua mchele kwenye ungo. Alimwuliza mleta habari kama amekula. Akaendelea kuchambua, vidole vikienda upesi kama kawaida, ila nilipoinama niliona kwamba vijiwe alivyokuwa amevitenga pembeni alikuwa akivirudisha mcheleni, kimoja kimoja, kwa uangalifu uleule. Alilia baada ya alasiri, mama yangu alipofika. Tangu hapo, kila nikitazama msiba kwenye televisheni huutafuta ungo ule, na mara nyingi siuoni.

Samaki aliyeparwa mara mbili ndiye ungo wa tamthilia yenu. Angalia pia kwamba mwandishi hakumpa mama yule neno hata moja la huzuni. Alimpa swali kuhusu mashua nyingine, swali ambalo mke wa mvuvi yeyote wa pwani hii angeliuliza, na ndani yake kuna tumaini dogo kwamba huenda walioleta habari wamechanganya watu. Mwigizaji angelia hapo, tumaini hilo lisingesikika.

Wala jambo hili halikugunduliwa huku kwetu peke yake. Katika kipindi cha Marekani kiitwacho Buffy the Vampire Slayer, kipindi cha mizuka na mapambano ambacho wengi hawakukitegemea kwa kazi ya namna hii, ipo sehemu iliyorushwa Februari 27, 2001, ambamo msichana anayeigizwa na Sarah Michelle Gellar anaingia nyumbani na kumkuta mama yake amekufa juu ya kochi. Baada ya wimbo wa utangulizi hakuna muziki wowote wa kusindikiza. Msichana anatapika zuliani, anafungua mlango wa nyuma, nje watu wanaendelea na siku yao, kisha anarudi na kutandaza karatasi za jikoni juu ya matapishi. Mama amelala sebuleni sakafuni, walipomwacha wahudumu wa dharura, na mwanawe anahangaikia zulia.

Kwa nini basi maonyesho kama hayo ni machache kwetu? Sababu moja naiheshimu. Masikio yetu mengi yalifundwa na michezo ya redio, ambamo mfiwa asiyelia hayupo, kwa kuwa msikilizaji hana njia nyingine ya kumwona. Isitoshe, hata leo televisheni nyingi husikilizwa kutoka jikoni, na mtu anayekuna nazi hawezi kuona samaki akiparwa mara ya pili. Sababu nyingine siiheshimu, nayo ni muziki unaoingia kabla mleta habari hajafungua kinywa, ukimwambia mtazamaji ahuzunike kana kwamba peke yake asingeweza. Muulize dada yako kama alikuwa ameketi mbele ya televisheni au alikuwa akipitapita.

SWALI: Je, ni kweli machozi ya kwenye tamthilia ni ya dawa? (Msomaji wa Masasi)

JIBU: Mara nyingine, ndiyo. Glisarini ikidondoshwa shavuni hukaa kama chozi, na mentholi ikipakwa chini ya macho huyafanya yatoe machozi yenyewe. Si udanganyifu wa kulaumiwa, kwani onyesho hurudiwa mara nyingi na macho ya binadamu yana kikomo. Ila mara nyingi mashavu hulowa huku shingo na mabega yakibaki ya mtu aliyetoka kunywa chai.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana wa Lindi mjini, tunarekodi mchezo mfupi kwa simu. Binti anapata habari kwamba bibi yake amefariki. Tulimwambia mwigizaji wetu asilie, azuie. Sasa anakaa kama gogo, na kila tukirudia anazidi kuwa gogo. Tufanyeje?

JIBU: Mmemwambia asichofanya, hamkumwambia anachofanya. Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyefariki mwaka 1938 na ambaye vyuo vingi vya uigizaji bado vinafuata njia yake, katika miaka yake ya mwisho alisisitiza kwamba mwigizaji aanzie kwenye tendo la mwili, kwa sababu hisia haiitiki ikiitwa kwa jina. Mpeni binti yenu kazi anayoijua mikononi: abangue korosho, asuke ukili, afunge kanga aliyokuja nayo bibi mara ya mwisho. Kisha mchagueni kosa moja tu ambalo mikono italifanya. Makosa mawili yatakuwa vichekesho.

Uso wake msiuhangaikie. Katika ngoma za Wamakonde, lipiko ni uso wa mti usioweza kukunjamana, na bado watazamaji huuona ukichoka, ukikasirika, ukicheka, kwa jinsi mchezaji anavyogeuza shingo na kuyumba. Warusi nao walilijaribu hilo kwa filamu karne iliyopita: inasimuliwa kwamba Lev Kuleshov aliunganisha picha ileile ya uso mtulivu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin mara na bakuli la supu, mara na jeneza la mtoto, mara na mwanamke, na watazamaji wakausifu uso huo kwa njaa, kwa majonzi na kwa tamaa. Kwa hiyo onyesheni uso, kisha onyesheni kitu cha bibi: kata yake, ndala zake mlangoni, mkeka uliokunjwa. Mtazamaji ataunganisha mwenyewe.

Jambo la mwisho ni la mshika simu. Mara nyingi kijana mwongozaji husema "kata" mara tu maneno yanapokwisha, kwa hofu ya kuchosha watu. Mwambieni akae kimya, ahesabu moyoni hadi kumi na tano baada ya neno la mwisho, na msimwarifu mwigizaji kwamba mtafanya hivyo. Atadhani onyesho limekwisha na hamkuona. Atawatazama, kisha atarudisha macho kwenye korosho. Mtazamo huo msiukate.